Sumaku Juu ya Gunia

Simu iliyoniambia kwamba Injinia Kioko ametutoka ilinikuta maabara, nikiwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu kutenganisha chumvi na mchanga. Niliwaambia waendelee, nikatoka nje nikasimama karibu na bomba la maji, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa sura yake. Ilikuwa harufu: maranda ya mti wa muhugu yaliyolowa kidogo, mafuta ya tupa, na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, unaotokota. Mtu akinitajia Wamunyu, kijiji cha wachongaji wa vinyago, hadi leo ndiyo harufu inayonijia. Nimefundisha miaka mingi, hata wengine niliowafundisha wameniletea watoto wao, lakini nikiulizwa ni lini hasa nilijifunza kustaajabu, sitaji utoto wangu wala shule. Nataja ule mwaka mmoja niliokaa nyuma ya banda la wachongaji, nikiwa na stashahada mpya ya maabara na jozi moja ya viatu, mwaka niliouona mti ukiungua kuanzia ndani.

Kioko alikuwa mwalimu katika chuo kimoja cha ufundi mjini Machakos, mtu mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni hata kwenye jua kali, na alizungumza na mashine kwa adabu kuliko alivyozungumza na wakubwa wake. Wachongaji walikuwa wamempa stoo yao ya zamani, chumba cha mawe chenye dirisha moja na rafu ambazo zamani zilipangwa twiga na vifaru vya kuuzia wageni. Humo aliweka maikrowevu kubwa aliyoinunua kwenye hoteli iliyofungwa, akatoboa juu yake tundu la kupitisha bomba la kioo, na kila alipoiwasha alizunguka mlango wake na taa ya mrija mkononi. Taa ile haikuungwa na waya wowote. Ikiwaka, alituambia, mjue mawimbi yanavuja, na mkimbie. Aliniajiri mimi kuwa msaidizi wake kwa sababu, kwa maneno yake, wasaidizi wengine wawili walionitangulia walikuwa wanakubali kila kitu na yeye alihitaji mtu mbishi.

Alichokitaka kilikuwa rahisi kukisema. Twiga mmoja akitoka kwenye gogo, sehemu kubwa ya gogo hubaki chini. Ukiingia banda lile ulikanyaga maranda hadi kwenye vifundo vya miguu, mekundu, meupe, ya rangi ya asali, na wachongaji walikaa juu yake wamenyoosha miguu, tezo zao, ambazo wao huziita ngomo, zikipiga ko, ko, ko kutwa nzima. Maranda yale yalichomwa Jumamosi nyuma ya banda, na soko zima likakohoa. Kioko alitaka kuyapika bila moto, kwa mawimbi ya maikrowevu, ndani ya chungu kilichofunikwa hewa isiingie, yatoe gesi ya kuwaka na yabaki makaa. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma chuoni na kuyajibu kwenye mtihani, na sikuwa nimeamini hata neno moja.

Maranda ambayo hayakuchomwa Jumamosi yalikwenda kwa Mama Mwende. Yeye ndiye aliyewapikia wachongaji, na jiko lake lilikuwa limegusana na chumba changu, katikati yetu pakiwa na ukuta wa mbao ambao ulisimama kwa heshima tu. Mabati ya jiko lile yalikuwa meusi kwa ndani, masizi yakining'inia kama nyuzi, na ukiinua kichwa haraka yalikuangukia kwenye chai. Muthokoi huchukua nusu ya siku kuiva, na maranda huwaka haraka na moshi mwingi, kwa hiyo Mama Mwende alikaa mbele ya mafiga tangu alfajiri akitupia konzi baada ya konzi. Makaa ya gunia yangemfanya auze sahani kwa bei ambayo mchongaji hawezi kuilipa. Chakula chake nitakikumbuka hadi kaburini: muthokoi laini, maharagwe yamevunjika vizuri, mboga ya kunde juu yake, na kikombe cha chai ya maziwa kilichojaa hadi ukingoni ili ulazimike kuinama kukinywa kabla ya kukiinua.

Lakini mwanamke yule hakuweza kumaliza sentensi. Alikuwa mpenda maneno, mtani, mwimbaji wa kanisani, na kila sentensi yake ilikatika katikati. Alisema maneno manne au matano, akasimama, akavuta pumzi kwa sauti ya mlango usiotiwa mafuta, kisha akaendelea alipoachia. Watu wa pale walishazoea, walingoja kwa upole kama unavyongoja gari lipite ndipo uendelee kuzungumza. Mimi sikuzoea. Nilijikuta nimeshika pumzi yangu mwenyewe hadi apate yake, nikichoka kwa kumsikiliza tu.

Asubuhi moja, mwanzoni mwa mwaka ule, nilikuwa chumbani nikifuta viatu, nikamsikia upande wa pili wa mbao akizungumza na Mzee Nzuki. Mzee huyu alikuwa kiongozi wa wachongaji, na ndiye aliyewanolea wote vyombo vyao, kwa tupa na kwa jiwe la kuzungusha kwa mguu, kwenye kona yake karibu na mlango wa banda.

"Hospitali wamesema aje?" Mzee Nzuki aliuliza.

"Wamesema moshi." Pumzi. "Ati niache moshi ama moshi iniache mimi." Pumzi. "Mwende naye amesema, Krismasi akikuja anipate bado napikia moshi, ananibeba. Kwake Syokimau. Ghorofa ya nne."

"Si huko ni kuzuri? Utapumzika."

"Nzuki, mimi nimepikia watu tangu mumeniona hapa." Pumzi ndefu. "Huko nitakaa kwa kiti niangalie televisheni. Nani atanijua?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Nilibaki na kiatu kimoja mkononi, na tangu siku ile jaribio la Injinia Kioko halikuwa tena karatasi ya mtihani kwangu. Nilimwambia Kioko mchana uleule. Alifungua kifungo cha shingoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akakifunga tena, akasema, "Basi tuko na mpaka Krismasi."

Miezi ikapita na hatukupata kitu. Kila mwenye maikrowevu anajua sheria moja, kwamba chuma hakiingii, na Kioko aliishika sheria ile kama amri ya dini. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kumwaga maranda kwenye turubai na kupitisha sumaku, duara zito tulilolitoa kwenye spika ya redio kuukuu. Iliokota misumari, vipande vya waya, na vumbi jeusi lililosimama juu yake kama nywele za mtu aliyeogopa. Nilivifuta vyote kwa kitambaa nikavitupa nje. Kisha tulijaza maranda safi kwenye chungu, tukafunika, tukawasha, Kioko akazunguka na taa yake, na baada ya muda tukatoa maranda yaleyale. Yalikuwa ya moto kidogo, makavu, yananukia vizuri. Mawimbi yanatafuta maji, Kioko alinieleza, na maji yakiisha kwenye mti yanapita tu ndani yake bila kuugusa. Mti mkavu ni kama haupo. Alieleza kwa subira, mimi nikibisha kama alivyoniajiri kufanya, na chungu kikipoa mbele yetu.

Mama Mwende alituchungulia dirishani na mwiko mkononi. "Injinia, hiyo kitu yenu imeiva?" Pumzi. "Nilete sahani?"

Kioko alicheka kila mara, lakini kuanzia Agosti kicheko kilipungua. Wakubwa wa chuo chake walianza kuuliza maswali. Mimi nilianza kuhesabu miezi kwa vidole nikiwa kitandani, nikisikiliza kikohozi cha alfajiri upande wa pili wa mbao.

Kilichotuokoa ni uchoyo wa Mama Mwende. Nasema uchoyo kwa upendo, na yeye mwenyewe hulitumia neno hilo. Siku hiyo nilikuwa nimetumwa mjini kuchukua bomba jipya la kioo, kwa hiyo Kioko alimwomba Mama Mwende amjazie gunia la maranda, apitishe sumaku, amletee. Sasa maranda mazuri, mepesi, yaliyokatwa kwa urefu, ndiyo yaliyowasha moto wake. Angeyatoaje kulisha mashine ambayo mwaka mzima haikuwa imempa hata kaa moja? Akaenda kwenye kona ya Mzee Nzuki, mlangoni, penye taka za maranda na vumbi ambazo hakuna mama aliyetaka kuzibeba kwa sababu zilichoma miguu ya watoto. Akazifagia zote. Akajaza gunia, akalishona mdomo, akalipeleka.

Niliporudi nililikuta stoo. "Limepitishwa sumaku?" nilimuuliza Mama Mwende.

"Nimepitisha," alijibu, na hakuwa anadanganya.

Tulijaza chungu, Kioko akawasha, mimi nikakaa kwenye kigoda changu mbele ya kidirisha cha mlango wa mashine, ambacho hadi siku hiyo hakikuwa kimetuonyesha kitu. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza chakula cha mchana. Kwanza nikasikia mlio mdogo, kama chumvi ikitupwa kwenye mafuta. Halafu ndani ya chungu, ndani yake hasa, kwenye ufa mdogo uliobaki chini ya kifuniko, pakapita mwanga wa zambarau. Ukaja tena, ukajibiwa na mwingine upande wa pili. Kisha chungu chote kikaanza kumetameta kwa ndani, radi ndogondogo zisizohesabika zikikimbizana katikati ya maranda. Kioko alipiga kelele, "Chuma! Kuna chuma!" na tukatoka mbio, yeye na taa yake, mimi na kigoda changu, sijui nilikibebea nini.

Tulisimama uani. Wachongaji waliacha tezo zao, na kwa mara ya kwanza tangu nifike pale nikausikia ukimya wa mahali pale. Kioko alitaka kurudi ndani azime. Alifika mlangoni akasimama, mkono kwenye fremu, akaiangalia ile taa ya mrija. Haikuwaka. Hakuna kilichovuja. Akainua macho kwenye bomba la kioo lililotokeza ukutani na kuzama kwenye ndoo ya maji. Maji yalikuwa yakibubujika.

"Mutheu," aliniita, taratibu sana. "Lete kiberiti."

Nilileta. Kijiti cha kwanza kilizimika kabla hajakifikisha. Cha pili alikisogeza kwenye mrija mdogo uliotoka kwenye ndoo, na pale kwenye ncha ukakaa mwali wa buluu, mrefu kama kidole, mtulivu, usio na moshi. Nilirudi ndani kinyume cha amri zote, nikainama kwenye kile kidirisha. Radi zilikuwa zimetulia. Kupitia ule ufa niliona wekundu katikati ya chungu, na wekundu ule ulikuwa ukitambaa kutoka katikati kuelekea pembeni. Maisha yangu yote niliuona moto ukiingia mti kutoka nje, ukila gome kwanza. Huu ulizaliwa moyoni mwa mti ukatembea kutafuta nje. Hapakuwa na kiberiti ndani mle, wala hewa, wala mwali. Nilistaajabu hadi machozi yakanitoka, na sioni haya kulisema. Nimesoma mengi tangu wakati huo na najua ni kwa nini ilitokea. Nikilieleza darasani bado natumia mikono kama mtu asiye na maneno, na wanafunzi hunicheka.

Tulipofungua chungu, ndani tulikuta makaa, meusi, mepesi, yanayolia kama vigae ukiyagonganisha. Kioko alimwita Mama Mwende.

"Mama, hii gunia ulipitisha sumaku?"

"Si nilikwambia nimepitisha?"

"Ulipitisha aje? Hebu nionyeshe."

Akaichukua sumaku, akalilaza gunia lililobaki nusu chini, akaipitisha juu yake, kwa nje, taratibu, upande huu na upande ule, kama mtu anayepiga shati pasi. Akaligeuza, akapitisha na mgongoni. Alipomaliza alitutazama. "Kwani mnapitisha aje nyinyi?"

Kioko alikaa chini sakafuni. Nilidhani amezimia. Alikuwa akicheka, mikono imefunika uso, mabega yakiruka, na kifungo cha shingoni kikamtoka chenyewe. Mwaka mzima tulikuwa tukiokota, kwa uangalifu mkubwa, kile kitu kimoja ambacho maranda yalikihitaji. Zile chembe za tezo na tupa za Mzee Nzuki zilizitega nguvu za mawimbi, zikapiga cheche, zikachoma mti ulio jirani nazo, na mti ulipogeuka makaa nao ukaanza kuyanywa mawimbi wenyewe, hadi chungu kizima kikashika. Vumbi nililolitupa nje kwa kitambaa kila asubuhi! Mzee Nzuki alipoelezwa alitazama kona yake kana kwamba ameonyeshwa kaburi la babu asiyemjua. "Hiyo ni ngomo za watu wengi," alisema hatimaye. "Zingine wenyewe walishaenda." Siku zile nilikuwa kijana na neno lile lilinipita. Leo naliona vizuri, vyuma vya mikono iliyokwisha kuzikwa vikiwasha mti ambao wenyewe hawakuuona.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka hapo. Chuma kikizidi, cheche zilikuwa kali mno na chungu kilipasuka. Kikipungua, tulirudi kwenye maranda ya moto kidogo. "Kumbe inataka chumvi," Mama Mwende alisema, "na nyinyi mnatia kama watu hawajawahi kupika." Tulivunja vyungu hadi mama aliyetufinyangia akaanza kututazama vibaya. Stima ikapotea siku tuliyoihitaji zaidi. Lakini mwishoni mwa Novemba tulikuwa tunajua kiasi, na kila siku ile mashine ilitoa makaa ya kutosha jiko moja. Tuliyasaga, tukapitisha sumaku, safari hii ili kukiokoa chuma tukitumie tena, kisha Mama Mwende akaufinyanga unga ule kwa uji wa muhogo akaanika mabonge juani. Tulimjengea jiko la udongo. Siku ya kwanza alilikalia kwa mashaka, akanusa, akasema halina ladha. Siku ya tatu alikuwa anatukataza kuligusa.

Mwende alikuja siku mbili kabla ya Krismasi. Alifanya kazi kiwandani Mavoko, msichana mrefu wa rika langu, na nilikuwa uani nilipomwona akipanda kutoka barabarani. Alikuwa anatembea kawaida. Halafu akasimama, akatazama juu ya paa la jiko, na ghafla akaangusha mifuko yake akaanza kukimbia. Nilimkimbilia nikidhani ameumwa na kitu. Alinipita bila kuniona, akajitupa mlangoni.

"Mami!"

Mama Mwende alikuwa akipakua muthokoi. Aligeuka na mwiko mkononi. "Asi! Ni nini? Nani amekufa?"

Mwende alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili, akahema. Alipopata sauti alisema, "Moshi. Sijaona moshi. Kutoka nizaliwe, hakuna siku nimefika hapa nikose kuona moshi. Nikajua umeenda."

Mama yake alimvutia kigoda. Kisha akamwekea sahani. Walikula pamoja pale mlangoni, na Mwende aliendelea kumtazama mama yake kila alipomeza. Baada ya mwaka mpya alirudi Syokimau peke yake.

Mwaka ule ulikwisha hivyo. Chuo kilimrudisha Kioko darasani, mimi nikapata kazi ya ualimu, na ile maikrowevu ilikufa baada ya misimu michache, kama mashine zote zinavyokufa. Kioko alijenga nyingine, na nyingine, hadi mwisho. Hakutajirika. Nilimtembelea mara chache kuliko nilivyopaswa, na kila mara alinionyesha kitu kipya kwa adabu ileile, akiniuliza kama bado nabisha.

Tulimzika Jumamosi iliyopita, kwenye udongo mwekundu nyuma ya nyumba yake. Watu walikuwa wengi, wanafunzi wake wa zamani wakiwa wamevaa suti, na mwongozaji wa ibada alikuwa akitazama saa. Hotuba zilipokwisha nikaona bibi mmoja akishikiliwa mkono kuelekea kipaza sauti, mkongojo mbele, kitambaa cheupe kichwani. Mwende, mwenye mvi sasa, ndiye aliyemshika. Hospitali ilikuwa imemwonya Mama Mwende enzi zile kwamba moshi ungemuua, na hapa alikuwa anamzika Injinia.

"Kila mtu amesema huyu alikuwa na akili," alianza. "Mimi nitasema alikuwa na uvumilivu, sababu nilimletea takataka na hakunipigia kelele." Akawasimulia habari za gunia, akaonyesha kwa mkongojo wake alivyoipitisha sumaku kwa nje, upande huu na upande ule. Watu walicheka kando ya kaburi bila aibu. Mwongozaji alisogea kumshukuru. Yeye akamwondoa kwa kiganja, akafumba macho, akaanza wimbo.

Ulikuwa ule aliokuwa akiuimba jikoni, upande wa pili wa mbao zangu. Niliujua kila mahali ulipokatika. Palikuwa na mstari mmoja, mrefu, unaopanda, ambao mwaka mzima sikuwahi kumsikia akiumaliza. Alipoukaribia nilijikuta nimeshika pumzi yangu, kama zamani, nikingoja ule mlango usiotiwa mafuta. Sauti yake ilikuwa ya kizee, inatetemeka, imeshuka chini sana. Ilifika mahali pale ikapita. Ikapanda, ikamaliza mstari, ikachukua unaofuata. Mimi ndiye niliyeishiwa na pumzi.